Hongera kwa Ofisi Iliyobisha Hodi

Mwaka 1909 Rais Theodore Roosevelt aliita mkutano Ikulu ya Marekani kuzungumzia watoto wasio na walezi, kisha akalihimiza Bunge liunde ofisi ya taifa ya watoto. Wazo lilikuwa la Lillian Wald, muuguzi wa mitaa ya maskini ya New York, na Florence Kelley, mpinzani mkubwa wa ajira ya watoto. Bunge lilisuasua hadi Aprili 1912, Rais William Howard Taft alipotia saini sheria na kumteua Julia Lathrop kuwa mkuu wa ofisi hiyo.

Ninachokienzi zaidi ni jinsi Lathrop na wenzake walivyofanya kazi. Hawakuwa na mamlaka ya kumshtaki mtu, na fedha zilikuwa haba. Basi walikwenda Johnstown, mji wa chuma jimboni Pennsylvania, wakabisha hodi nyumba kwa nyumba kuwauliza akina mama habari za watoto waliozaliwa mwaka 1911: nani yu hai, nani alifariki, maji yanatoka wapi, baba analipwa kiasi gani. Jibu lilikuwa wazi, na lilichoma: kadiri mshahara wa baba ulivyopungua, ndivyo vifo vya wachanga vilivyoongezeka. Baada ya hapo, kumtupia mama lawama zote kulihitaji ukaidi.

Wakatoa pia vijitabu vya malezi, na barua zikamiminika kutoka mashambani. Wajawazito walioishi mbali na daktari waliandika Washington wakajibiwa, wengine na Lathrop mwenyewe.