Watu Sita na Mzinga Mmoja

Jeshi la mizinga la Uingereza, Royal Artillery, liliundwa mwaka 1716 kwa kombania mbili tu. Bendera halina, mizinga yenyewe ndiyo bendera yake. Mimi lakini nawavulia kofia wale sita waliouhudumia kila mzinga wa kombora la ratili 25 huko El Alamein, Misri, usiku wa Oktoba 23, 1942, mizinga karibu 900 ilipoanza kunguruma. Mmoja alilenga kwa darubini, shabaha yenyewe asiione. Mwingine alishindilia kombora la kilo 11, kisha ganda la baruti likafuata peke yake. Wengine walitayarisha fyuzi na kubeba, wakabeba tena, masikio yakiwavuma. Askari wa miguu aliyesonga nyuma ya ukuta ule wa moto hakuwajua kwa sura. Uhai wake ulikuwa kwenye hesabu zao.