Kulikagua Kabati la Zana

Mtu akiniambia karakana yake ya nyumbani imejaa, naangalia ukuta kwanza. Mara nyingi sakafuni hakuna pa kukanyaga, na ukuta mzima uko mtupu. Nafasi ipo. Kinachokosekana ni mpangilio unaoufuata mkono wa anayefanya kazi, na mpangilio huo una ubora wake, unaokaguliwa vilevile kama ubora wa kiti au mlango.

Anza hivi: simama mbele ya kabati, taja zana moja, uichukue kwa mkono mmoja. Ukilazimika kutoa nyingine na kuiweka pembeni ndipo uifikie, kabati lina kasoro, hata liwe la mninga safi. Aliyelifikisha mbali jambo hili ni Henry O. Studley, fundi wa piano wa Massachusetts, Marekani, aliyezaliwa 1838 na kufariki 1925. Sanduku lake la ukutani, likifungwa, lina kimo cha karibu mita moja na upana wa karibu nusu mita, nalo limebeba zana zaidi ya 200. Siri yake ni tabaka: vibao vyenye bawaba hufunguka pamoja na zana zilizokaa juu yake, na nyuma yake kuna safu nyingine. Watu husifia nakshi zake za pembe na gamba la chaza. Mimi nasifia vile kila zana ilivyochongewa kikao chake, ikakaa bila kucheza.

Hata hivyo, sikushauri uige. Vikao vya namna hiyo vinamfaa fundi aliyemaliza kununua zana. Ukibadilisha randa moja, kikao chake kinakufa. Anayeendelea kukusanya anafaa zaidi kutumia papi zilizopasuliwa mshazari kwa nyuzi 45: moja inafungwa ukutani, ncha kali ikiangalia juu na mshazari wake ukielekea ukutani, nyingine inafungwa nyuma ya rafu, imepinduliwa. Uzito wa zana wenyewe ndio unaoibana rafu ukutani. Ukiletewa mfumo huu, tikisa rafu tupu: ikigonga-gonga, pembe hazikukatwa sawa. Angalia pia skrubu. Zikiishia kwenye plasta bila kufika kwenye tofali, randa za chuma zitaiangusha rafu siku moja.

Patasi ndizo zinazofichua umakini wa fundi. Pachiko zuri linaishika patasi shingoni, chini kidogo ya mpini, na makali yananing'inia bila kugusa chochote. Mbele pana mfuo mwembamba, ili patasi itoke kwa kuvutwa kuelekea kwako. Tundu lililozibwa pande zote hukulazimisha kuinyanyua mpaka makali yapite. Sipendi mikanda ya sumaku kwa zana za makali. Chuma kikishaingiwa na sumaku huanza kunasa vumbi la tupa, na ukikosea kidogo makali yanajigonga kwenye mkanda.

Kwenye droo, nyingi fupi ni bora kuliko chache zenye kina. Kwa zana za mkono, sentimita 6 au 7 zinatosha; droo ya sentimita 20 itakuwa na tupa chini, koleo juu yake, na kamba juu ya yote. Vuta droo hadi karibu na mwisho uone kama inainamisha kichwa. Kuna mafundi wanaojivunia droo inayobana hewa kiasi kwamba ukiisukuma, ya jirani inachomoza. Huo ni ustadi wa kweli, lakini Tanga au Mombasa ningeuogopa. Mbao hutanuka kwa upana wake, kwa urefu karibu hazibadiliki, na unyevu wa masika ukifika droo hiyo haifunguki. Mimi natafuta upenyo wa milimita 2 au 3 juu ya ubavu wa droo, na nta ya mshumaa kwenye njia zake.

Unyevu huohuo ndio unaoleta kutu. Kabati lililogandamizwa kwenye ukuta wa simenti linapokea jasho la ukuta, na msumeno wako unapata madoa kabla hujautumia mara mbili. Kwa hiyo chungulia nyuma kabla ya kulipia: pawe na vipande vinavyolitenga na ukuta sentimita 2 hivi, hewa ipite. Chungulia na chini. Kabati la sakafuni liwe na miguu mirefu ya kutosha wewe kufagia na kuona njia ya mchwa mapema. Ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, hata uvikwe karatasi ya kuvutia, usiukubali hapo chini: ukilowa mara moja unavimba, na skrubu zinalegea.

Mwisho, angalia kilichoachwa wazi. Kabati jipya ambalo zana zako za leo zinalijaza lote ni dogo tayari. Agiza lingine, au omba robo ya nafasi ibaki tupu.