Safina, Kisafina na Kikapu: Urudiaji wa Maneno ya Kiebrania katika Tafsiri za Torati kwa Kiswahili

Mjadala kuhusu maana zinazopotea Torati inapofasiriwa kutoka Kiebrania huelekea kushughulikia neno mojamoja. Mfasiri huulizwa iwapo neno aliloteua linatosheleza maana ya neno la matini chanzi. Makala haya yanatetea hoja tofauti: katika masimulizi ya Torati, sehemu kubwa ya maana haimo katika neno likiwa peke yake, bali katika kurudi kwa neno hilo mahali pengine. Msimulizi wa Kiebrania ni mchache wa maelezo. Hasemi kwamba tukio hili lifungamanishwe na lile. Hulirudia neno, akamwachia msikilizaji kazi ya kukumbuka. Martin Buber na Franz Rosenzweig, walioanza kufasiri Biblia kwa Kijerumani mwaka 1925, waliujenga mradi wao juu ya msingi huo. Hapa tunachunguza namna urudiaji huo ulivyoshughulikiwa katika tafsiri mbili za Kiswahili: Union Version ya mwaka 1952 na Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990.

Mfano wa kwanza ni neno tevah. Katika Biblia nzima ya Kiebrania, neno hili hutumika katika visa viwili tu: chombo cha Nuhu katika Mwanzo, na chombo alimofichwa mtoto Musa katika Kutoka. Vyombo vyote viwili hupakwa kitu cha kuzuia maji. Vyote viwili humwokoa anayebeba mwendelezo wa watu wake. Wala katika kisa chochote hatuelezwi habari za tanga, kasia au usukani. Aliye ndani hana uwezo wa kukiongoza chombo. Anayelisikia neno hilo mara ya pili anaelewa, bila kuelezwa, kwamba gharika imerudi kwa sura nyingine, safari hii ikiwa ni amri ya mfalme ya kuwatupa watoto mtoni.

Union Version ina safina katika Mwanzo na kisafina katika Kutoka. Uamuzi huu unastahili sifa kuliko unavyopewa. Kiambishi ki- kinaonesha udogo ambao Kiebrania hakikuutia ndani ya neno, lakini shina limebaki wazi na kumbukumbu haikukatika. Zaidi ya hayo, Kiswahili kimeepuka mtego ulioinasa tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, ambayo ilitumia neno moja kwa tevah na kwa aron, yaani sanduku la agano, ikaunda uhusiano usiokuwamo. Msomaji wa Kiswahili ana safina na ana sanduku, na hawezi kuvichanganya. Biblia Habari Njema, kwa upande wake, inamweka Musa katika kikapu. Kwa mtazamo wa tafsiri ya kimawasiliano, kikapu ni neno jepesi na picha yake inaeleweka upesi. Hata hivyo, wepesi huo umenunuliwa kwa bei kubwa: Nuhu na Musa hawakutani tena.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba tafsiri kongwe ni bora. Mfano wa pili unakataza hitimisho hilo. Kirai nefesh hayyah hutumika kwa wanyama katika sura ya kwanza ya Mwanzo, na kwa mwanadamu katika sura ya pili. Kiebrania hakitofautishi. Union Version humwita mwanadamu nafsi hai, ilhali kwa wanyama huzungumzia uhai na kiumbe. Neno nafsi, lililotufikia kupitia Kiarabu, ni la asili moja na nefesh, na kwa hiyo linaonekana kuwa teuzi aminifu. Lakini kwa kulitumia upande mmoja tu, mfasiri amejenga ukuta kati ya mwanadamu na mnyama mahali ambapo matini chanzi ina mlango. Fasiri inayodai kwamba aya hiyo inathibitisha upekee wa nafsi ya mwanadamu itakuwa imesimama juu ya uamuzi wa mfasiri. Hapa Biblia Habari Njema, inayomwita mwanadamu kiumbe hai, imepoteza undugu wa maneno lakini imeurejesha urudiaji.

Ipo pia hasara isiyo na tiba. Mwishoni mwa sura ya pili ya Mwanzo, mume na mke wanaelezwa kuwa arummim, yaani uchi. Mara tu baada ya hapo nyoka anaelezwa kuwa arum, yaani mwerevu. Sauti inaunganisha hali ya kutokuwa na la kuficha na tabia ya kuficha. Uchi na mwerevu havina mwangwi wowote baina yao, na kulazimisha mwangwi kungeharibu maana ya yote mawili. Mfasiri hapaswi kulaumiwa kwa hili.

Tofauti kati ya mifano hii ndiyo kiini cha hoja yetu. Katika arum, lugha lengwa haina nyenzo. Katika tevah na nefesh, nyenzo zipo: unyambulishaji wa nomino na msamiati wenye asili ya Kisemiti. Kinachopotea hapo kimepotezwa na uteuzi, si na uhaba wa Kiswahili. Jambo hili linawahusu wahakiki kama linavyowahusu wafasiri. Tunapochambua athari za Biblia katika riwaya na tenzi zetu, aghalabu tunategemea tafsiri moja, na mhakiki aliyesoma kikapu hawezi kuuona mwangwi ambao mwandishi aliyelelewa na kisafina aliusikia tangu utotoni. Kabla ya kutoa hukumu juu ya mwangwi huo, yafaa tuulize kwanza mwandishi alisoma tafsiri ipi.