Mashimo Thelathini na Mawili

Fundi anayechonga bao haanzi na patasi. Anaanza na uzi. Anaunyoosha juu ya ubao, kuanzia pale shimo la kwanza litakapokaa hadi pale la mwisho litakapoishia, anaukata, kisha anaukunja mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Uzi uliokunjwa mara tatu umegawanyika sehemu nane zilizo sawasawa, na rula haikuguswa. Upana nao unapimwa kwa uzi mwingine unaokunjwa mara mbili, zinapatikana safu nne. Penseli ya seremala inapita kwenye alama, mistari inakatana, na ubao uliokuwa mtupu una vyumba 32 vinavyosubiri kuchimbwa.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Mchezo wenyewe hauhitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Pwani na visiwani ni bao la kiswahili, Buganda ni omweso, Rwanda ni igisoro, na Usukumani watu hucheza isolo. Omweso, igisoro na bao la pwani zina safu nne za mashimo manane na kete 64, ingawa kanuni za kula zinatofautiana kutoka mahali hadi mahali. Michezo ya ukoo huu ni ya kale kiasi kwamba pale Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mashimo yake yamechongwa kwenye mwamba. Na mtoto anayechunga ng'ombe kwenye mbuga za Shinyanga hahitaji mwamba wala seremala: anachimba vishimo ardhini kwa kijiti, anaokota kokoto, na mchezo unaanza.

Ndiyo maana ubao uliochongwa vizuri unastahili kusifiwa kwa sauti. Watu wangeweza kuendelea kucheza ardhini, bure, na hakuna kanuni ambayo ingeharibika. Lakini mahali fulani mtu aliona kwamba mchezo wenye akili nyingi namna hii unastahili chombo chenye akili vilevile, akachukua tezo na kuanza kuukomba mti. Kila fundi aliyemfuata, pwani au bara, amekubaliana naye.

Kuchimba shimo la bao ni kubishana na nyuzi za mti. Nyuzi zinakwenda kwa urefu wa ubao, na shimo ni la mviringo. Patasi iliyopinda ikianzia ukingoni na kushuka kuelekea katikati, mbao inakatika safi, maganda yanajikunja na kuanguka. Ikivuka katikati na kuanza kupanda upande wa pili, inazama chini ya nyuzi na kung'oa kibanzi, na kibanzi kikishang'oka hakuna gundi itakayokirudisha kwa heshima. Kwa hiyo fundi anashuka kutoka upande huu, anasimama katikati, anageuza ubao, anashuka kutoka upande ule. Mara 32, pamoja na mashimo mawili makubwa ya pembeni ya kuwekea kete kama mteja ameyataka. Jambo linalomtia hofu zaidi ni ukuta mwembamba uliobaki kati ya shimo na jirani yake kwenye safu moja. Hapo nyuzi za mti zimekatwa pande zote mbili na kubaki fupi, na pigo moja la nyundo lililozidi kidogo linaubomoa ukuta huo. Mtu anaweza kuwa ameshachimba mashimo 29 na kuuharibu ubao kwenye la 30.

Kina nacho kina sheria yake, na sheria hiyo inatoka kwenye vidole vya mchezaji. Shimo likiwa na kuta zilizosimama wima, kete zinajibana chini na mchezaji analazimika kuzidonoa moja moja. Likiwa la kina kifupi mno, kete zikitupwa kwa kasi zinaruka nje. Linalofaa ni lile ambalo vidole vinne vinaingia, vinazoa kete zote kwa mkupuo mmoja, na kutoka bila kucha kukwaruza. Mafundi wazuri hupima kwa mkono wao wenyewe, wakichovya vidole kwenye kila shimo kabla ya kwenda kwenye linalofuata. Chini ya shimo lazima mbao nene ibaki, maana bao hupigwa kweli. Komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu, zinazotumika kama kete, hutua kwa kishindo kila mchezaji anapotaka mwenzake ajue kwamba ameliwa.

Kwenye bao la kiswahili linaongezeka jambo moja: katika safu ya mbele ya kila mchezaji kuna shimo moja la mraba, nyumba. Hapo ndipo kete sita za mwanzo huwekwa, mbili nyingine kwenye kila moja ya mashimo mawili yaliyo jirani, na 22 hubaki mkononi kwa ajili ya kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Baada ya mashimo ya duara, mkono wa fundi umeshazoea kuzunguka. Sasa anatakiwa kubadili patasi, akate pembe nne zilizonyooka, na kina kibaki kilekile. Anayetaka kumjua fundi kwa haraka aitazame nyumba, ndani kabisa kwenye pembe, kama kumebaki manyoya ya mbao.

Kwa nini usawa huu wote? Kwa sababu mchezaji hodari hahesabu. Anatupa jicho safu ya mbele na anajua kuna tatu, saba, moja, tupu, tano. Uwezo huo unategemea mashimo kufanana. Kete tano ndani ya shimo pana hutawanyika. Ndani ya shimo lililobanwa hurundikana, na jicho linakosea. Mwaka 1995 mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alichapisha kitabu chake kuhusu umahiri wa wachezaji wa bao wa Zanzibar, akichunguza jinsi mabingwa wanavyofuatilia mizunguko mirefu ya kete kichwani kabla ya kugusa hata moja. Ni kazi inayostahili kusomwa. Mtu akiisoma huku ana bao mkononi, ataona kwamba sehemu ya umahiri huo ilishaandaliwa mapema na mtu aliyekaa karakanani akisawazisha shimo la kumi na saba lilingane na la kumi na sita.

Huko Ulaya, ufundi wa michezo ya mbao ulichukua njia nyingine. Katika miaka ya 1760 mchonga ramani wa London, John Spilsbury, alibandika ramani kwenye mbao na kuikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuirudisha pamoja. Ndipo ulipoanzia mchezo wa kuunganisha vipande vya picha, na hadi leo kampuni ndogo kama Stave, iliyoanzishwa Vermont, Marekani, mwaka 1974, hukata vipande hivyo kwa mkono, kimoja kimoja. Mkataji wa Vermont anasifiwa kwa kufanya kila kipande kitofautiane na kingine. Mchonga bao anasifiwa kwa kufanya mashimo yake ya mviringo yasitofautiane hata kidogo, akitumia mkono ambao kwa asili yake haurudii kitu mara mbili. Zote ni kazi za uvumilivu, lakini hii ya pili ndiyo iliyo ngumu kuonekana: ikifanywa sawasawa, hakuna anayeitambua.

Kazi ya kipande kimoja si ngeni Usukumani. Viti vya watemi vilichongwa kutoka kwenye gogo moja, bila msumari wala kiungo, na kwenye Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, jengo la watemi lenyewe limejengwa kwa umbo la kiti hicho. Makumbusho hayo yalianzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefika Bujora katika miaka ya 1950. Humo zimo pia kumbukumbu za Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma ambavyo kwa ushindani wao vilichongesha vinyago vya mbao vyenye mikono ya kuchezesha, ili watazamaji wavutwe upande huu na kuuacha ule. Jadi ya mti inayochekesha, inayoshindana, inayochezwa, ipo hapa tangu zamani.

Tatizo la Shinyanga limekuwa mti wenyewe. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka kupambana na mbung'o, na makao ya utafiti wa mdudu huyo yalikuwa hapahapa Shinyanga chini ya C. F. M. Swynnerton. Ikaja pamba, ikataka mashamba. Mifugo ikaongezeka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikahamisha watu na kuwaacha mbali na ngitili zao, yale malisho yaliyofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Mwalimu Nyerere alipopita mkoani mwaka 1984 alishtushwa na ukame alioukuta, na mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza kazi. Busara ya HASHI ilikuwa kurudi kwenye ngitili badala ya kuleta mbegu na amri kutoka mbali. Dagashida, baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakapewa kulinda walichokijua. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizokuwa zimesalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000.

Ngitili imejaa migunga zaidi, miti ya kuni, malisho na nyuki. Mninga, ambao mafundi wengi wangeuchagua kwa bao kwa sababu ukishakauka hautembei sana na unang'aa ukipakwa mafuta, hutoka kwenye miombo ya upande wa Kahama, Bukombe na Geita. Na huko fundi wa bao ana washindani. Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo wa dhahabu, likishuka mita nyingi chini, linashikiliwa na matimba, magogo yanayopangwa ukutani kuzuia udongo usimwangukie aliye chini. Hakuna anayeweza kumlaumu mchimbaji kwa hilo, maana gogo lile ni uhai wake. Lakini rashi moja ikitokea, watu wakikimbilia dhahabu mpya, msitu wa jirani unapungua kwa wiki chache, na fundi wa bao anayetafuta ubao uliokauka miezi kadhaa kivulini hana sauti mbele ya mtu anayetaka gogo bichi leo jioni.

Pesa nayo inasemea upande uleule. Seremala wa Geita au Katoro ana oda za vitanda, milango na fremu za madirisha, maana dhahabu inajenga nyumba. Bao linachukua muda mrefu na mteja anataka kulilipia kama kiti cha kukunja. Vijiweni drafti imeshachukua nafasi kubwa: kipande cha plaiwudi, rangi mbili, vizibo vya soda, basi. Drafti ni mchezo mzuri, hauna kosa. Ila ubao wake hauombi fundi, na pale ambapo hakuna anayeomba, mkono unasahau.

Kuna faida moja ambayo mafundi wa ukanda huu wanayo na mara nyingi hawaitumii. Bao halihitaji mti mzima. Urefu wa futi mbili na nusu, upana wa futi moja, unene wa inchi mbili: hicho ni kipande kinachobaki pembeni kila siku kwenye karakana za milango, mninga uliokwisha kukauka, uliokwisha kulipiwa ushuru, unaongoja kugeuzwa kuni. Mwembe mzee ulioacha kuzaa unafaa. Mwarobaini, uliojaa kwenye viwanja vya Shinyanga, unafaa pia, na mchwa hawaupendi.

Kinachokosekana ni mwenye oda. Mwaka 2016, wakati wa kampeni ya madawati nchi nzima, maseremala walionesha wanavyoweza kufanya kazi wakiwa na mteja mmoja mkubwa na tarehe ya mwisho. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, migodi inapaswa kuandaa mipango ya uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Madarasa na zahanati zitabaki mbele kwenye orodha, na ndivyo inavyopaswa. Lakini mabao manne kwa kila shule ya msingi ni gharama ndogo kuliko lango la shule, na mtoto wa darasa la pili anayegawa kete 64 kwenye mashimo 32, kisha akala, akazungusha, akabashiri zitalala wapi, amefanya hesabu zaidi ya ukurasa mzima wa daftari, tena kwa hiari yake.

Oda ya namna hiyo ingeandikwa kwa mistari michache. Ubao wa kipande kimoja, usio na kiini cha mti katikati, maana hapo ndipo ufa huanzia. Mbao iliyokauka, yenye alama ya nyundo ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mashimo ya mviringo yaliyokombwa kwa mkono, mtoto aweze kuzoa kete zote mara moja. Nyumba mbili za mraba. Hakuna vanishi ndani ya mashimo, kwa sababu hubanduka na kuingia kwenye kucha. Mafuta ya kula yanatosha, mara mbili, siku tofauti. Jina la fundi lichongwe upande wa chini, pamoja na mwaka.