Mshale Kwanza, Upinde Baadaye

Anayepiga bunduki hulenga kwa kulinganisha alama mbili zilizo juu ya chuma, moja karibu na jicho, nyingine mdomoni mwa mtutu. Upinde wa Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa Tanzania, hauna alama hata moja. Mwindaji wa Munguli, wilayani Mkalama, humkazia mnyama macho, huvuta upote na kuachia. Shabaha lazima iwe imeshatengenezwa ndani ya silaha kabla haijatoka kambini, na sehemu yake kubwa imo katika mshale. Wengi wanaoishika silaha hii kwa mara ya kwanza hukimbilia upinde, kwa kuwa ni mkubwa na umepambwa. Wewe unayetaka kununua, anza na mshale.

Uti

Uti mwema hutokana na kijiti kilichonyooka, mara nyingi cha mti wa jamii ya mikole. Humenywa gamba, hupashwa moto, kisha hunyooshwa kwa mikono na meno. Usiogope alama ndogo za meno. Ni dalili kwamba fundi alirudia kazi yake mpaka akaridhika. Inua mshale usawa wa jicho, fumba jicho la pili, kisha uzungushe polepole. Ncha ikitulia mahali pamoja, uti umenyooka. Ikichora duara, urudishe.

Halafu pitisha kidole juu ya vifundo. Kila palipokuwa na kitawi panapaswa kuwa laini bila kuchimbwa, kwa sababu kifundo kilichokatwa kwa kina huacha udhaifu, na mshale utavunjikia hapo. Mwisho usawazishe juu ya kidole. Mshale unaoruka vizuri huwa mzito zaidi mbele, kwa hiyo mahali pa mizani patakuwa mbele ya katikati ya uti.

Ugumu

Hapa ndipo mjuzi hutofautiana na mtazamaji. Upinde wa Kihadzabe ni mzito kuvuta, nao wanaume wengi huvuta uzito wa kilo 30 au zaidi. Nguvu hiyo inapousukuma uti, uti hupinda, hulipita bua la upinde, kisha hujinyoosha hewani. Picha za kasi zilizopigwa Marekani miaka ya 1930 zilionyesha jambo hilo wazi. Uti laini kupita kiasi hujipinda mno na kwenda kombo. Mgumu kupita kiasi hausalimu amri, nao hukwepea upande wa pili. Ndiyo maana mshale hauwezi kusifiwa peke yake. Ukamate ncha zote mbili, uukunje kidogo, kisha fanya hivyo kwa mishale yote ya podo moja. Ikikunjika sawasawa, imetoka kwa mtu anayeujua upinde wake. Ikitofautiana, umeuziwa mabaki ya podo kadhaa.

Manyoya na kigumba

Manyoya hutoka kwa ndege kama kanga na tai, na hufungwa kwa uzi wa kano. Tazama mambo matatu: yamepangwa kwa nafasi sawa kuzunguka uti, yamekatwa kwa kimo kimoja, na yote yamejikunja kuelekea upande mmoja. Manyoya ya bawa la kulia yakichanganywa na ya kushoto, yanavutana na mshale haupati mzunguko. Uzi wa kano ulale bapa bila uvimbe.

Kigumba hufuata kazi. Ncha ya mti mgumu inatosha kwa ndege na wanyama wadogo. Kwa wakubwa kuna chuma, mara nyingi msumari uliofuliwa kwa nyundo mpaka ukawa jani au ndoano. Tikisa kichwa cha mshale. Kisicheze hata kidogo, na mstari wa chuma ufuate mstari wa uti. Ukiona ukanda mwembamba wa ngozi umeviringishwa chini ya chuma, usiufungue wala usiuguse: unafunika sumu, na sumu hizo, za waridi la jangwani au za Strophanthus, husimamisha moyo.

Upinde na upote

Sasa chukua upinde. Umechongwa kutoka kipande kimoja cha mti, na huwa na kimo cha mwenyewe au kukizidi. Utege, uuweke mbali kidogo, uangalie mikono yake miwili. Ikunjike kwa mviringo mmoja. Palipokunjika ghafla ndipo patakapopasuka. Upote upite katikati ya bua. Upote wa kweli husokotwa kwa kano za mnyama, ukiwa na unene uleule toka mwanzo hadi mwisho. Uzi wa nailoni na michoro ya moto iliyojaa bua lote huashiria kitu cha kupamba ukuta. Vipande vya ngozi vilivyovikwa kwenye bua ni kumbukumbu ya wanyama waliouawa, wala haviufikishi mshale popote.

Kumbuka pia kwamba ngozi na kano za mnyamapori ni nyara mbele ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumiliki nyara kunahitaji kibali. Muulize fundi asili ya kila kipande kabla ya kutoa fedha.

Mtihani wa mwisho

Mwombe mwenye upinde apige mishale mitatu yenye ncha ya mti kwenye kichuguu, kutoka umbali anaouzoea. Usihesabu iliyopata alama. Pima umbali kati ya mishale. Ikikaa karibu karibu, hata kama yote imekwenda kushoto, hiyo ni seti iliyotengenezwa kwa mkono mmoja, na mpigaji atarekebisha lengo lake kwa mshale wa nne. Ikitawanyika, hakuna jicho litakaloirekebisha. Kwa seti ya namna ile ya kwanza, lipa bei aliyoitaja fundi, bila kumpunguzia.