Jumba la Sinema la Majestic

Wako wasemao kuwa sinema ilikuwa utamaduni wa kigeni uliotupitia tu. Sikubaliani nao. Katika jumba la Majestic, lililojengwa Vuga, Unguja, mwaka 1955 baada ya lile la awali kuteketea kwa moto, utotoni tulitazama filamu za Kihindi tusizoielewa lugha yake. Mama zetu, mabuibui mabegani, wakitufasiria kwa minong'ono, na aghalabu tafsiri yao iliushinda mchezo wenyewe. Njiani kurudi nyumbani tukizitia nyimbo zile maneno yetu, silabi kwa silabi. Mizani ya shairi niliijulia hapo, kabla ya skuli. Basi ugeni uko wapi? Sisi watumishi wa serikali tumeziorodhesha ngoma, tukausahau ukumbi. Kuta zimechakaa, na wale wafasiri wanatutoka mmoja mmoja bila ya kuandikwa neno lao.