Meza ndogo ya mpingo: kuisoma By the Sea ukiwa Muleba

Riwaya nyingi za safari zina haraka. Sura ya kwanza mtu yuko kwao, sura ya pili ameshashuka uwanja wa ndege, ya tatu ana kazi na analalamikia baridi. Kile kipindi cha kusubiri karatasi, mtu yupo ugenini lakini bado hajaruhusiwa kuwa mtu wa huko, kinarukwa. By the Sea ya Abdulrazak Gurnah (2001) haikiruki, na ndiyo maana nimeirudia mwaka huu.

Saleh Omar, mzee kutoka Zanzibar, anatua Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban Mahmud. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Ofisa anayemhoji, Kevin Edelman, mwenyewe ni mtoto wa wakimbizi kutoka Romania, na bado anamnyang'anya kisanduku chake cha udi. Baada ya hapo ni kusubiri tu: chumba katika nyumba ya mama mmoja anayeitwa Celia, wageni wengine wasiomwelewa, mwanasheria Rachel anayemtafutia mkalimani. Yeye kimya.

Saleh anaomba hifadhi, siyo kibali cha kazi. Lakini kusubiri kwenyewe nakujua. Binamu yangu yuko Uingereza, ombi lake la viza ya kazi halijajibiwa, na hawezi kuanza kazi mpaka lijibiwe. Huku Muleba hilo halieleweki kabisa. Yuko Ulaya, sasa hela inakosekanaje? Kila akipiga simu anaulizwa lini atatuma ya kesi ya kibanja. Siku hizi hapigi. Anatuma sauti fupi fupi usiku, anaongelea mvua.

Nilipoisoma mara ya kwanza nikiwa Bukoba mjini, niliichukua kama riwaya ya ukimbizi. Safari hii nimeona ni riwaya ya nyumba. Kinachomjaza Saleh wakati anasubiri siyo Uingereza hata kidogo. Ni mkopo aliompa Hussein, mfanyabiashara mgeni, kwa dhamana ya nyumba ya Rajab Shaaban. Hussein akaondoka, deni halikulipwa, Saleh akaichukua nyumba na vyombo vyake vyote. Latif, mtoto wa Rajab, akatumwa kwenda kuomba irudishwe meza moja ndogo ya mpingo, basi. Akakataliwa. Ile meza inauma kuliko miaka yote ya gerezani inayomkuta Saleh baadaye.

Mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa jambo hili. Kibanja siyo shamba tu: ni migomba, mibuni, na makaburi ya wazee humohumo. Ukikipoteza umewapoteza na waliolala ndani yake. Gurnah anaandika kuhusu mji wa pwani, wenye mawe na biashara ya Bahari ya Hindi, ila ugomvi ule ungeweza kusikilizwa kwenye baraza la ukoo Kamachumu kesho asubuhi.

Udhaifu upo. Mkalimani anayepatikana Uingereza nzima ni nani? Latif huyohuyo! Bahati hii ni kubwa mno, na naona mwandishi anajua, maana hataki tuikodolee macho sana. Rachel naye anabaki mtu wa kubeba mafaili na wema. Safari ya Latif Ujerumani Mashariki inapendeza, hasa pale rafiki wa barua, Elleke, anapogeuka kuwa mwanaume aitwaye Jan, lakini kuna kurasa nilizozipitia harakaharaka, nakiri. Riwaya inapata nguvu tena wazee hawa wawili (Latif naye si kijana) wanapokaa kwenye fleti, chai mezani, kila mmoja akisahihisha hesabu za mwenzake. Hakuna anayeomba msamaha kwa ukamilifu. Nilipenda hivyo.

Wiki iliyopita nilimsimulia mjomba, baba wa binamu yangu, hadithi yote. Hakuuliza kuhusu pasipoti wala Gatwick. Aliniacha nimalize, akauliza, "Na nyumba ile, wenye nayo wanasemaje?" Nikamwambia kila upande una hati zake na uchungu wake. Akanyamaza kidogo.

"Basi mwambie mwenzio apige simu," akasema. "Hela ya kesi tutaona."